Moyo Uliovunjika Baada ya Kiharusi

KIPINDI CHA AFYA: MAANDISHI YA KUSOMA NYUMBANI

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka polepole.)

Nawasalimu ninyi mlio Kinama hapa Muyinga, na ninyi wa Musasa, Bwagiriza, Kavumu na Nyankanda. Kama hukutusikia hewani, karatasi hii ni yako. Isome, kisha umsomee jirani asiyejua kusoma.

Leo tunamzungumzia mtu aliyepata kiharusi, akaponea chupuchupu, akarudishwa nyumbani, halafu akakata tamaa. Unamkuta amelala akigeukia ukuta wa shitingi. Ukimwambia ainuke afanye mazoezi, anakataa. Ukimpelekea chakula, anasema hana njaa. Nyumbani wanaanza kunung'unika: "Amekuwa mvivu." Wengine wanasema amelogwa. Wengine wanasema hana shukrani, maana Mungu amemponya naye hataki kusimama.

Ndugu yangu, mimi si daktari, ni mtangazaji mwenzenu wa kambini. Lakini kuna jambo ambalo madaktari wanalijua vizuri, na nataka ulishike hadi mwisho wa kipindi: huzuni nzito baada ya kiharusi ni sehemu ya ugonjwa, na inatibika. Ikiachwa bila kutibiwa, inamnyima mgonjwa mazoezi yale yale ambayo yangemrudishia mkono na mguu.

KIHARUSI NI NINI?

Wengi wetu tunasema kupooza, wengine wanasema paralizi. Kwenye karatasi ya hospitali hapa Burundi utaona herufi tatu: AVC. Zote ni habari moja.

Ubongo unalishwa na damu kupitia mishipa. Mshipa mmoja ukiziba, au ukipasuka, sehemu ile ya ubongo inakosa damu na inaanza kufa. Kama sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiamuru mkono, mkono unalala. Ubongo wa upande wa kushoto unaamuru mwili wa upande wa kulia, na wa kulia unaamuru wa kushoto. Kwa watu wengi, maneno yanatoka upande wa kushoto wa ubongo. Ndiyo maana aliyepooza mkono wa kulia mara nyingi hupoteza na maneno.

Chanzo kikubwa ni presha ya damu iliyopanda, ambayo wengi wetu tunaiita tansio. Presha inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kuuma popote. Pia kuna kisukari, sigara, pombe nyingi na ugonjwa wa moyo. Watafiti waliohesabu wagonjwa nchini Tanzania kati ya 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam, walikuta kiharusi mashambani na mjini. Kwa mwaka mmoja, kwa kila watu 100,000, walikadiria wagonjwa wapya 109 hivi huko Hai na 316 hivi Dar es Salaam. Kwa hiyo tusiseme ni ugonjwa wa Wazungu au wa matajiri. Uko kwa jirani zetu, na uko kwetu.

KWA NINI MOYO UNAVUNJIKA?

Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi nyingi zinaonyesha kwamba karibu mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi anapatwa na huzuni hii nzito wakati fulani. Wataalamu wa Kiswahili wanaiita sonona. Wenyeji wetu Warundi wana neno akabonge. Huko Kivu utasikia wengine wakisema maladi ya susi, yaani ugonjwa wa mawazo. Kila kabila lina jina lake kwa sababu kila kabila limeuona.

Sababu ni mbili, na zinakwenda pamoja. Ya kwanza iko kwenye ubongo wenyewe. Ubongo ndio unaoongoza mkono, na ndio unaoongoza furaha, usingizi na hamu ya kula. Ukijeruhiwa, yote yanaweza kuyumba.

Sababu ya pili ni maisha. Tuchukue mfano wa mama aliyekuwa akilima kwa vibarua, akichota maji, akienda mwenyewe siku ya mgao. Leo anapelekwa chooni na mtoto wake wa kiume. Au mzee aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa majirani, leo akifungua mdomo watoto wanacheka kwa sababu maneno yanatoka yamevunjika. Sisi wakimbizi tulishapoteza nyumba, mashamba na watu wetu. Kupoteza na mwili juu ya hayo ni mzigo mzito.

Kuna jambo lingine la kwetu ambalo hatulisemi. Sisi tunakula na kusalimia kwa mkono wa kulia. Mkono wa kulia ukilala, mgonjwa anaona aibu kula mbele za watu kwa mkono wa kushoto. Anaanza kula peke yake, baadaye anaanza kukataa kula. Wewe wa nyumbani, mwambie wazi: "Baba, kula na wa kushoto, sisi hatuoni vibaya." Na wageni uwaeleze kabla hawajanyoosha mkono kusalimia.

(Muziki mfupi.)

UTAIJUAJE?

Kila mtu analia baada ya pigo. Hiyo si ajabu. Lakini ukiona hali hizi karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, usinyamaze:

- Ana huzuni kutwa nzima, au hafurahii tena kitu alichokipenda, hata wajukuu.
- Halali usingizi, au analala mchana na usiku.
- Hataki kula, anakonda.
- Anachoka hata bila kufanya kitu.
- Anakataa mazoezi na dawa.
- Anasema: "Mimi ni mzigo. Mngeniacha nife."

Mtu akianza kusema habari za kufa au kujiua, usimkemee na usimwache peke yake. Muulize kwa upole kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpi wazo jipya. Kunampa nafasi ya kutua mzigo. Ondoa karibu yake visu, kamba, dawa nyingi na sumu ya wadudu, kisha mwende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Angalia pia usichanganye mambo. Kuna mgonjwa anayelia au kucheka ghafla bila sababu, kisha ananyamaza. Mara nyingi hilo ni jeraha la ubongo linalovuruga breki za kilio na kicheko, na huenda moyoni hana huzuni kabisa. Na kuna aliyepoteza maneno. Anaweza kuelewa mengi unayosema, ila jibu halitoki. Huyu usimwone mjinga wala usimpigie kelele kama kiziwi. Muulize maswali ya ndiyo au hapana, atikise kichwa. Mwonyeshe kikombe, mwonyeshe blanketi, achague. Kwa sababu hawezi kusema "nina huzuni", mtazame usoni, utazame sahani yake na usingizi wake.

HUZUNI NA MKONO VINASHIKANA

Sasa tufike kwenye kiini. Baada ya kiharusi, ubongo unaweza kujifunza upya. Sehemu zilizobaki nzima zinachukua baadhi ya kazi za zile zilizokufa. Lakini unajifunza kwa kurudia, kama mtoto anavyojifunza kutembea: anaanguka, anasimama, mara mia. Kwa kawaida mwili unarudi haraka zaidi katika miezi 3 ya kwanza, ingawa mtu anaweza kuendelea kupata nafuu hata baada ya hapo.

Mwenye sonona harudii. Anasema, "Ya nini?" Basi mkono unakakamaa, mguu unapoteza nguvu. Akiona mkono haurudi, huzuni inazidi. Huzuni ikizidi, mazoezi yanapungua tena. Ni kama mbuzi anayezunguka mti aliofungwa: kila akizunguka, kamba inakuwa fupi.

Na sisi wa nyumbani, kwa upendo wetu, wakati mwingine tunaikaza kamba hiyo. Tunamlisha, tunamvalisha, tunamfanyia kila kitu. Tunadhani tunamheshimu, kumbe tunamwambia bila maneno kwamba hawezi tena kitu chochote. Msaada mzuri ni wa kumfanyia kile tu asichoweza, na kumpa muda kwa kile anachoweza, hata kama kuvaa shati kunachukua nusu saa.

MAMBO 10 YA KILA SIKU

Mwaka 1965 huko Marekani, daktari Florence Mahoney na mtaalamu wa mazoezi Dorothea Barthel walitoa orodha fupi ya mambo 10. Hadi leo hospitali nyingi duniani zinaitumia kupima jinsi mgonjwa anavyojitegemea. Orodha inauliza kama mtu anaweza: kula, kuoga, kunawa uso na kuchana nywele, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kutembea, na kupanda ngazi. Kila jambo lina alama zake, na jumla ni 100.

Huhitaji kuhesabu alama. Chukua orodha hiyo uitumie kama ngazi. Keti na mgonjwa, mwache achague jambo moja analolitaka yeye. Labda ni kwenda chooni bila kushikwa na mwanawe. Halafu ligawanyeni vipande vidogo:

Wiki ya kwanza, kuketi kwenye ukingo wa kitanda bila kuegemea, asubuhi na jioni. Akizoea, kusimama akishika nguzo, mtu akiwa upande wake dhaifu. Baadaye, hatua tatu hadi mlangoni. Baadaye, hadi choo chenyewe, na kiti cha mbao kilichotobolewa katikati kiwekwe juu ya tundu ili asichuchumae. Kipande kimoja kikikamilika, mnakwenda kingine. Wiki zikizidi, hakuna aliyechelewa; kila mwili una mwendo wake.

Kwa mkono, tumia kazi za nyumbani zenye maana. Kuchagua maharage, kuchambua lengalenga, kukunja nguo, kushika kikombe kwa mikono miwili. Mama anayechagua maharage anafanyisha vidole mazoezi, na jioni watu wanakula maharage aliyoyachagua yeye. Hapo mkono umepata mazoezi na moyo umepata sababu.

Tahadhari chache. Usimwinue kwa kumvuta mkono uliolala, utaumiza bega. Anapokula aketi wima. Akikohoa au kupaliwa kila anapomeza, mwende kituo cha afya. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda. Ondoa mawe na kamba njiani anapopita, maana kuanguka kunavunja mifupa.

VIPI KUHUSU DAWA?

Dawa za sonona zipo, na kwa mwenye sonona zinaweza kusaidia. Lakini ujue zinafanya nini. Nchini Uingereza, watafiti waliwapa wagonjwa wa kiharusi dawa iitwayo fluoksetini kwa miezi 6, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Walikuwa watu 3,127, na matokeo yalitoka mwaka 2018. Waliopata sonona mpya walipungua: kama 13 kati ya kila 100 waliomeza dawa, dhidi ya 17 kati ya 100 wasiomeza. Lakini mwishoni waliomeza hawakuwa na uwezo zaidi wa kufanya kazi za kila siku kuliko wenzao, na waliovunjika mifupa waliongezeka kidogo.

Maana yake kwetu ni hii: kidonge kinaweza kuinua moyo, lakini hakitafanya mazoezi kwa niaba yako. Daktari ndiye anayeamua nani anahitaji dawa hiyo. Usichukue dawa ya jirani, na ukipewa usiiache ghafla bila kumwuliza aliyekupa.

Dawa za presha ni habari nyingine. Hizo humezwa kila siku, hata unapojisikia vizuri, maana zinazuia kiharusi cha pili. Na usijipe aspirini mwenyewe, kwa sababu kama mshipa ulipasuka, inaweza kuongeza kutoka damu.

(Muziki mfupi.)

WATU WA KAWAIDA WANAWEZA KUSAIDIA

Labda unasema, "Madaktari wa moyo uliovunjika wako wapi hapa kambini?" Sikiliza habari ya jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watu wazima wenye sonona walikutana katika vikundi, mara moja kwa wiki, kwa wiki 16. Hawakuwa wagonjwa wa kiharusi. Wengi walikuwa wameumizwa na vifo na shida za UKIMWI. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliosoma sekondari, wakafunzwa kazi hiyo. Wanawake walikaa na wanawake, wanaume na wanaume. Walizungumza kuhusu msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha, wakasaidiana kutafuta njia.

Mwishoni, kati ya kila watu 100 waliokuwa kwenye vijiji vya vikundi, 7 hivi tu walibaki na sonona. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi, walibaki 55 hivi kati ya 100. Na jambo linalotugusa leo ni kwamba watu wa vikundi pia walirudia kazi zao za kila siku vizuri zaidi.

Sisemi kikundi kinarudisha mguu uliopooza. Nasema mtu kuketi na wenzake, akasikilizwa, ni tiba ya kweli. Kama katika mtaa wenu wako wawili au watatu waliopata kiharusi, wakusanyeni chini ya mti mara moja kwa wiki. Wanaowauguza nao waje, maana nao wanachoka. Binti aliyeacha shule ili amgeuze mama yake usiku naye anahitaji kuulizwa: "Na wewe, mwanangu, unaendeleaje?" Gawaneni zamu: mmoja maji, mwingine kuni, mwingine kukaa na mgonjwa ili mwuguzaji alale.

UENDE WAPI?

Anza na kituo cha afya cha kambini. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani na HCR walitoa mwongozo unaowasaidia wahudumu wa kawaida wa afya, katika mazingira kama yetu, kutambua na kutibu sonona. Kwa hiyo usiogope kumwambia muuguzi: "Tangu apooze, hana furaha, halali." Watu wengi wanaeleza habari za mguu tu, wananyamaza habari za moyo, na muuguzi anatibu alichoambiwa.

Shida ikizidi uwezo wa kituo, mnaandikiwa karatasi ya kupelekwa mbele, kwa mfano hospitali ya Muyinga. Huko Gitega kuna kituo cha kitaifa cha viungo bandia na mazoezi ya mwili, kinachojulikana kama CNAR. Gitega pia kuna tawi la kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge. Ukipelekwa kule, kumbuka safari kutoka Muyinga kupitia Karusi ni ndefu kwa mtu asiyeweza kuketi vizuri. Kabla hamjaondoka, ulizeni ofisini kuhusu usafiri, na nani atampokelea mgao asipokuwepo. Mkifika, mwombe mtaalamu akufundishe mazoezi wewe unayemuuguza, na umwonyeshe ulivyoyashika kabla ya kurudi. Safari ni ya siku moja, mazoezi ni ya kila siku nyumbani.

Na kama leo utamwona mtu ambaye mdomo umekwenda upande, au mkono umeanguka ghafla, au maneno yamevurugika, usingoje kesho. Usimpe chakula wala kinywaji. Kumbuka saa ilipoanza, mkimbizeni kituo cha afya.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Katika mtaa wetu, nani alipata kiharusi na haonekani tena nje? Nani atamtembelea wiki hii?
2. Ni kazi gani moja ya nyumbani tunaweza kumrudishia mgonjwa wetu?
3. Anayemuuguza anapumzika saa ngapi? Nani atamshika zamu?

Ndugu, unapomaliza kusoma, fika kwa mgonjwa wako. Muulize anataka kuanza na jambo gani kati ya yale 10, kisha subiri jibu, hata likichelewa kutoka. Wazee wetu walisema haba na haba hujaza kibaba.

Wiki ijayo tutazungumzia presha: kwa nini haiumi, na kwa nini tupimwe hata tukiwa wazima. Hadi hapo, mbaki na amani.

(Muziki wa kufunga.)